Nilichojipaka Baada ya Pilingi

Tarehe 11 Oktoba. Mvua ndogo alfajiri, kisha jua kali, ziwa limetulia. Leo naenda kwa Nadine kufanya uso.

Ndivyo nilivyoandika kwenye daftari langu asubuhi ile. Ukurasa unaofuata una tarehe 2 Novemba. Katikati hakuna kitu, maana siku hizo macho hayakufunguka vizuri, na yalipofunguka mkono ulikataa kuandika. Nilisoma mpaka mwaka wa pili wa sekondari tu, basi nikipotea njia mwenye kusoma anisamehe. Naandika kwa sababu kila mara mwanamke anasimama mbele ya meza yangu ya sabuni, anaangalia uso wangu, anainama na kuuliza kwa sauti ya chini: "Mama Espe, ile pilingi iko namna gani?" Anataka kuifanya. Ameniona nilivyo na bado anataka. Siwezi kumjibu pale pale sokoni, kwa hiyo namjibu hapa.

Pilingi ni dawa kali unayopakwa usoni ili ngozi ya juu imenyeke na ya chini itoke safi. Zaidi ya hapo sijui, na sitajifanya najua.

Kazi yangu ni kupika sabuni, hapa Nyamianda, Uvira, mwaka wa kumi na mmoja sasa. Mawese, maji na soda. Sisemi soda ya kunywa. Nasema kostike, vile vipande vyeupe vinavyochemsha maji bila moto. Sisi wapika sabuni tunaiheshimu kama nyoka. Karibu na pipa kuna chupa ya siki siku zote. Soda ikikurukia mkononi, unamwagia siki. Uchachu unaua soda, na soda inaua uchachu: ndivyo tulivyofundishana, na mimi mwenyewe nimewafundisha wasichana wengi maneno hayo hayo.

Baada ya kumzaa kitinda mimba wangu, Bahati, mabaka yalinitoka kwenye mashavu na juu ya midomo, meusi, kama mtu aliyefuta masizi vibaya. Miaka mitano hayakuondoka. Mume wangu, Baba Espe, hakuyasema hata siku moja. Lazima niandike hilo. Waliosema ni wateja. Mmoja alinunua vipande vitatu, akaniangalia, akacheka: "Mama Espe, sabuni yako iko naosha mashati tu? Sura inaishinda?" Nami nilicheka. Nilicheka mpaka nyumbani.

Kisha kundi letu la wanawake likakubaliana kufunga sabuni kwenye karatasi yenye picha ya mpishi, na wakanichagua mimi. Mpiga picha alinionyesha uso wangu kwenye simu yake, mkubwa. Nikamwambia aje tena wiki ijayo.

Kabla sijafika kwa Nadine kuna jambo jingine. Miezi minne nilikuwa najipaka pomadi ya kutakatisha uso, ya tubu, ile ya kukamua, niliyonunua sokoni na kuificha ndani ya kopo la unga. Uso ulikuwa umeanza kuwa mwepesi, unawasha, ukishika jua unawaka. Hakuna aliyejua, hata binti yangu Esperance anayejua kila kitu cha nyumba ile.

Nadine ana saluni ya mbao kwenye avenue yetu. Ni mjane mwenye watoto wawili, anasuka nywele, anapaka kucha, na mwaka ule alianza pilingi. Alijifunza kwa kutazama simu, na siku tatu kwa mwanamke mmoja Bujumbura. Chupa yake ilikuwa ndogo, ya rangi ya kahawia, karatasi yake imefutika kwa mafuta ya mikono. Niliiona haina maandishi. Mimi ninayekataa gunia la soda likiwa halina maandishi, niliiona na nikakaa kwenye kiti.

"Yaya, tujaribu kwanza," alisema Nadine. Yaya ni dada mkubwa, ndivyo alivyoniita. "Nitakupaka kidogo hapa nyuma ya sikio, urudi kesho kutwa tuone."

"Kesho kutwa ya nini? Picha iko juma ijayo. Paka hapa kwa mukono, tuone sasa hivi."

"Kwa mukono haiko sawa na kwa sura."

"Weye paka tu."

Akapaka. Mkono wangu umekula soda miaka kumi na mmoja. Ngozi yake ni kama kisigino. Tulingoja dakika tano.

"Unasikia kitu?"

"Hata nzi hajanikanyaga."

Tukacheka sote wawili. Hakuniuliza napaka dawa gani nyingine usoni, nami sikumwambia.

Mara ya kwanza kupaka iliwasha tu. Ya pili ilichoma, akanipepea kwa kifuniko cha ndoo. Ya tatu nilisikia kama mtu amenikandamiza pasi ya makaa usoni. Nilifungua macho kwenye kioo. Uso wangu ulikuwa mweupe. Sisemi mweupe wa watu weupe. Mweupe wa chaki, wa ukuta uliopakwa chokaa. Nadine alishika mdomo. Alikamata jagi, akanimwagia maji, jagi baada ya jagi, akilia.

"Yaya, enda kwako mbio, umwagie maji. Maji tu, maji, maji! Usipake kitu. Hata mafuta usipake. Umenisikia?"

Nilimsikia. Naandika tena: nilimsikia.

Nyumbani hapakuwa na mtu. Watoto shuleni, Baba Espe ufukweni anakotengeneza moteri za mitumbwi. Uso unawaka, na puani nasikia harufu chachu, kali kuliko siki. Hapo akili ya kazi yangu ikaniambia: mjinga weye, huu ni uchachu, na dawa ya uchachu iko pale kwenye pipa. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Nilikuwa na furaha, nadhani, ile ya mtu anayejua kitu ambacho mwenzake wa saluni hajui. Nikapima maji kwenye beseni, nikatia kipande kidogo cha soda, kidogo kabisa kwa kipimo chetu, nikachovya kitambaa, nikakibandika usoni.

Uso ulichemka. Sina neno jingine. Nimetafuta neno miezi minane na sijalipata. Maji ya kitambaa yalitiririka kwenye jicho la kulia, kwenye sikio, shingoni, na kila yalikopita yaliacha njia ya moto. Nilipiga kelele ambayo sikujua ni yangu. Nikatumbukiza kichwa kizima kwenye pipa la maji ya kunywa, nikatoa, nikatumbukiza tena, sijui mara ngapi. Daktari alisema baadaye kwamba pipa lile ndilo liliniachia jicho.

Sasa ninafika kwenye kitu kinachonishtua kuliko moto wenyewe. Kabla majirani hawajafika, nikiwa na uso ule, na jicho moja limeziba, nilimwaga maji ya beseni. Nikalisuuza. Nikaligeuza chini juu kama siku zote. Kitambaa nikakitupa chooni. Mwanamke anaungua na anaosha vyombo! Sikuwaza chochote, mikono ilijiendea. Lakini mikono ni yangu.

Walipoingia waliuliza: "Mama Espe! Nani amekufanya hivi?"

Nikasema: "Kwa Nadine."

Si uongo. Niliungua kwa Nadine. Lakini nusu ya neno nililiacha ndani ya mdomo, na nusu ile ikakaa humo miezi mitatu.

Pikipiki ilinipeleka sante, kituo chetu cha afya. Muuguzi mwanaume, mpole, alinisuuza muda mrefu sana, akaniuliza, "Mama, ulipaka nini tena juu yake?" Nikasema hakuna. Akatikisa kichwa, akasema hajawahi kuona dawa ya uso inayotiririka mpaka kifuani.

Kuanzia siku ile wakati wangu ulihesabiwa kwa pansema, yaani kufungwa vidonda. Walinifunga vidonda siku moja, siku moja wakaacha. Pansema ya kwanza mpaka ya nne sikumbuki uso wa mtu, nakumbuka benchi. Benchi la sante lina msumari upande wa kushoto, na wanaolijua wanakuachia wewe mgeni uukalie. Nilikaa hapo nimefunikwa kitenge kichwani kama maiti aliyeketi, nikisikiliza watu wakinizungumzia.

"Iko nini huyu?"

"Banasema alitaka kuwa muzungu."

"Ee! Na Mungu amemujibu?"

Walicheka. Siwalaumu, ningekuwa mimi ningecheka. Kando yangu alikuwa bibi mmoja wa Runingu, amemleta mjukuu mwenye malaria. Alichukua fishi ya mtoto, ile karatasi ngumu wanayoandikia ugonjwa, akaanza kunipepea shingoni, polepole, na mtoto amelala mapajani mwake. "Ihangane, mwana wanje," aliniambia kwa Kirundi. Vumilia, mwanangu. Walipomwita aliniwekea fishi mkononi mwangu kwanza, kisha akakumbuka ni ya mtoto, akaichukua tena akicheka. Jina lake silijui. Kama yuko hai Mungu amjalie.

Kwenye pansema ya sita magamba yalianza kuanguka, meusi, mazito kama maganda ya muhogo uliochomwa. Kucha zangu zilitaka kuyang'oa. Esperance alinivalisha soksi mikononi. Ana miaka kumi na sita na alikuwa amenipokonya kila kitu: jikoni, sokoni, pipa la sabuni. Nilikuwa nalala ndani nasikia anavyopima soda, na moyo wangu unapiga kila kipande kinapoanguka majini. "Rudi nyuma!" nilikuwa napiga kelele kutoka kitandani. "Mama, minye nimerudi nyuma, lala!" Sikuweza kumwambia kwa nini napiga kelele hivyo.

Bahati, miaka mitano, alikataa kula mkononi mwangu. Alisimama mlangoni akamuuliza baba yake, "Huyu iko nani?" Baba Espe akasema, "Iko mama." Mtoto akasema, "Mama yuko wapi?" Siku ile mume wangu aligeuza kioo kikaangalia ukuta. Hakunikemea hata mara moja. Lakini alikuwa amekuwa mtu wa maneno machache sana, na maneno yale machache yote yalikuwa juu ya Nadine.

Mdogo wa Baba Espe, shemeji yangu Safari, ndiye aliyekuwa na mengi. Alikuja karibu kila siku. "Ule mwanamuke ataua bantu hapa kartie, mtaa muzima," alisema. "Kwanza tumufungie ile saluni. Kisha atoke, arudie kwabo." Vijana wa avenue walipigilia misumari kwenye mlango wa saluni mwezi wa Novemba, mvua ikinyesha, na Nadine amesimama nje na vitana vyake kwenye sufuria.

Alikuja kuniona. Nilimsikia uani. Alikuwa ameleta mayai.

"Baba Espe, niache nimuone Yaya tu."

"Umuone kufanya nini? Uhesabu kazi yako?"

"Minye nilimuambia asipake kitu. Nilimuambia maji tu. Mumuulize."

"Toka hapa na mayai yako."

Nilikuwa nimelala mita nne kutoka pale. Pazia tu lilikuwa kati yetu. Alisema "mumuulize", na hakuna aliyeniuliza, na mimi sikungoja kuulizwa; nilivuta kitenge nikaziba masikio. Nimejaribu kuandika kwamba nilikuwa mgonjwa, nina homa, sikuwa na akili. Siku ile sikuwa na homa. Nimeangalia kwenye fishi.

Mwezi wa Desemba vidonda vilifunga, lakini kope la kulia lilikuwa linavutwa chini na shingo imekaza. Muuguzi akatuandikia twende kwa daktari wa ngozi Bujumbura. Pale mpakani Kavimvira afande alichukua karte yangu, kitambulisho chenye picha, akaiangalia, akaniangalia.

"Mama, hii karte iko ya nani?"

"Yangu."

"Hapana. Hii iko ya dada yako."

Baba Espe akasema, "Iko yeye, afande. Iko bibi yangu." Afande aliangalia tena. Kisha akasimama, akanirudishia karte kwa mikono miwili. "Pole sana, mama. Piteni."

Kwenye sale, chumba cha kungojea, tulikaa muda wa saa nne. Pembeni yangu alikuwa mwanamke wa umri wangu, sura laini tu, ya kawaida. Nilimuuliza anaumwa nini. "Siumwi. Nilifanyiwa pilingi hapa, nimekuja kuangaliwa." Nilimtazama nikitafuta alama. Hakuna. Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka kwenye kioo. Nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba kitu hiki ni cha shetani, na huyu hapa amekaa anakula karanga. Aliniambia walimtayarisha wiki sita kabla ya kumgusa. Walimwachisha pomadi zote. Walimpa dawa ya kujikinga na jua na kofia pana, wakamwambia asiyeweza kuvaa kofia asifanye. Walimjaribu nyuma ya sikio, akarudi nyumbani siku nyingi. "Nilichoka kungoja, dada. Nilitaka kuwaacha," alisema. Nami nikakumbuka dakika zangu tano.

Daktari alikuwa mwanamke, mfupi, ana miwani. Aligeuza uso wangu kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole bila kugusa.

"Hapa kwenye mashavu na paji, ni dawa ya pilingi, ilikuwa kali mno," alisema. "Hii naielewa. Lakini hii hapa kwenye kope, na hii njia ya sikio, na hii ya shingo, si ya dawa ile. Hiki ni kitu kilichotiririka baadaye. Mama, ulijipaka nini?"

Baba Espe alikuwa amekaa kando yangu, kofia mapajani. Nilisema, "Maji." Daktari aliniangalia juu ya miwani. Kisha akamwomba mume wangu aende kwenye dirisha la mapokezi akachukue fishi yetu. Alipotoka, hakurudia swali. Alikaa tu.

"Soda," nilisema. "Ya sabuni. Nilidhani inaua uchachu."

Aliweka kalamu chini. Nadhani na yeye alishtuka, ila ana adabu ya kazi. Alinieleza kwa maneno ambayo hata mimi niliyafuata: vitu hivyo vikikutana kweli vinauana, lakini vikiuana vinatoa moto, na moto ule unatokea juu ya ngozi yako, na soda ikizidi inaendelea kula yenyewe. Kwenye pipa haidhuru. Usoni ni maji tu, mengi, yanayotiririka, muda mrefu, kisha hospitali. Nikafikiri: hayo ndiyo maneno ya Nadine.

Kisha nikamuuliza, kama yule mwanamke wa sokoni anavyoniuliza mimi sasa: basi mtu achague vipi? Hakunicheka. Alisema aanze kwa kuuliza kama anaihitaji, maana mabaka mengine yanapungua kwa dawa ndogo na kujikinga na jua peke yake. Anayekupaka awe daktari wa ngozi, na wewe uone chupa, usome jina la dawa, nguvu yake, na tarehe. Ngozi yetu nyeusi ina hasira: ikichomwa inajibu kwa weusi zaidi, kwa hiyo kwetu huanza na dawa dhaifu, mara moja kwa wakati, usiongezee kwa sababu haijauma. Mwambie kila unachopaka, hasa kile unachoficha. Mwambie kama una mimba, kama vidonda vyako huota uvimbe, kama midomo hutoa malengelenge. Usifanye kwa sababu kuna sherehe au picha juma lijalo. Na kama kazi yako ni ya juani, ya moshi, ya soda, sema, maana huenda jibu likawa hapana. "Na mimi ningekuambia hapana," alisema.

Baba Espe alipoleta fishi, akaandika humo kwa Kifaransa. Neno moja nililitambua, maana limeandikwa kwenye kila gunia la soda ninalonunua. Baba Espe anasoma Kifaransa kuliko mimi. Njia nzima ya kurudi fishi ile ilikuwa kiunoni mwangu, imekunjwa mara nne ndani ya kitenge.

Leo ninapoandika ni kiangazi, vumbi la barabara linaingia mpaka kwenye sahani. Uso umetulia. Mabaka ya zamani hayapo tena, yamekuja mengine, makubwa, na kwenye shingo kuna ngozi ya kung'aa kama plastiki. Kope linafunga, karibu lote. Jicho la kulia linatoa machozi kukiwa na upepo, na vitu vidogo halivioni vizuri. Navaa kofia ya majani. Bahati anakula mkononi mwangu. Alirudi mwenyewe, siku moja nikiwa napika uji, akakaa mapajani kana kwamba alikuwa ametoka kidogo tu.

Ningeweza kuacha hapo. Lakini sijasema juu ya tarehe 17 Januari, mchana, mvua imekata, kwa shefu wa avenue, mkubwa wa mtaa wetu.

Safari ndiye aliyeitisha. Watu walijaa uani, wengine wamesimama kwenye matope. Nadine alikuwa amekaa kwenye kibao peke yake, na watoto wake wawili nyuma. Nilikaa upande wa wakubwa, kwenye kiti chenye mto. Safari akasema kila kitu vizuri, kama wakili: chupa isiyo na maandishi, kazi ya kujifunza kwa simu, mwanamke aliyeharibiwa. Yote kweli. Akamaliza: "Atoke mbele ya mwezi kwisha."

Shefu akamuuliza Nadine. Nadine akasema, "Chupa ni kosa langu. Sikujua nguvu yake. Lakini nilimuambia asipake kitu."

"Anapaka nini tena? Weye njo ulimupaka!" mtu akapiga kelele. Watu wakaguna.

Shefu akasema, "Kuko fishi ya daktari? Tuione, tumalize."

Baba Espe akanigeukia na kunyoosha mkono.

Nimejiuliza mara nyingi, na bado sijui: kama fishi isingekuwepo kiunoni mwangu, ningesema? Napenda kuandika ndiyo. Siwezi. Najua tu kwamba nilisimama kabla sijaitoa.

"Nadine aliniambia maji tu," nilisema. "Nilimusikia. Nilifika nyumbani nikajipaka soda ya sabuni. Kwa mukono yangu. Jicho, sikio, shingo, hiyo njo minye. Hizi za hapa na hapa njo za Nadine. Alitaka kunijaribu siku mbili, nilikataa. Tena nilikuwa napaka pomadi ya tubu, sikumuambia."

Nilisikia maji yakidondoka kutoka kwenye mabati. Safari alikuwa bado amenyoosha kidole kuelekea kwa Nadine, na hakujua akiweke wapi. Baba Espe alichukua fishi, akaikunjua, akaisoma yote, mpaka chini, akaikunja tena mara nne vile vile kama nilivyokuwa nimeikunja.

Nilidhani Nadine atalia, au atashukuru. Alisimama, akaja mpaka mbele yangu. Hakupaza sauti.

"Miezi mitatu, Yaya. Nilikuwa mlangoni kwako na mayai. Ulikuwa unanisikia?"

"Nilikuwa nakusikia."

"Basi."

Aligeuka akawachukua watoto wake. Shefu akaamua misumari iondolewe siku ile ile, Nadine asuke nywele, na chupa za dawa asishike tena. Chupa ile aliileta mwenyewe, akaiweka mezani kwa shefu. Ni haki, nadhani. Misumari ilitolewa na Safari, hakuna aliyemwomba. Nadine hajanisamehe mpaka leo. Akipita kwenye meza yangu anainamisha kichwa kwa adabu, ananiita Mama Espe. Yaya haniiti tena.

Baba Espe alitangulia nyumbani. Nilipofika alikuwa amekaa, amenawa mikono, hakuniangalia. Esperance alikuwa ameshasikia. Mtaani habari zinafika kabla ya miguu. Alipakua. Tulikula bugali wa muhogo, mboga ya lengalenga, na mikeke miwili ya kuchoma, samaki wa ziwa letu. Kwenye mwanga wa taa jicho langu halikuona miiba, nikawa nachokonoa tu pembeni, naogopa kuomba. Baba Espe alivuta sahani upande wake, akatoa miiba yote, mmoja mmoja, akaipanga kwenye ukingo, akairudisha sahani mbele yangu. Nilikula samaki wote.